Nilivyokufa Upande wa Kushoto

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Naona wengine mmeitika mkinitazama usoni na wengine mmeitika mkiitazama miguu yangu. Msiwe na wasiwasi, yote miwili imekuja kanisani.

Ushuhuda huu nimeuandika kwenye karatasi kwa sababu najijua. Nikisimama hapa mikono mitupu nitaanza mzaha, mtacheka, nitafurahi kwamba mmecheka, kisha nitarudi nyumbani bila kusema neno lililonileta. Mama yangu alikuwa akisema Mungu alinipa mdomo wa watu wawili na mgongo wa nusu mtu. Kwa hiyo nitasoma. Mkiona nimeinua macho kwenye karatasi, niambieni niyashushe.

Mimi ni Ezra, kitindamimba wa Mama Rasoa. Ndugu zangu wakubwa walitawanyika zamani, huyu Nakuru, huyu Nairobi, mimi nikabaki. Mnajua desturi yetu: kitindamimba ndiye hubaki na mama, arithi nyumba yake na kuuangalia uzee wake. Hilo neno, kuangalia, naomba mliweke mahali. Nitakuja kulichukua.

Kubaki hakukunipa shida. Kuna watu wamezaliwa na miguu ya safari. Mimi nilizaliwa na makalio ya kiti. Nilipomaliza Form Four nilirudi nyumbani kupumzika kidogo, na yale mapumziko yakanipenda. Halafu miwa ikaja, ikayabariki.

Wale wa umri wangu mnakumbuka. Kabla ya miwa shamba letu lilikuwa na mahindi, maharagwe, kunde, mrenda, ndizi pembeni. Kisha watu wa kiwanda wakapita nyumba hadi nyumba. Trekta lao ndilo lililima. Mbegu yao, mbolea yao, na siku ya kuvuna wakataji wao na lori lao. Kazi ya mwenye shamba ilikuwa ni kuwa na shamba! Kazi ya namna hiyo nilikuwa nimeiombea tangu shule ya msingi. Nilipanda miwa mpaka ikagusa ukuta wa jikoni.

Mama aliniomba nimwachie kipande cha mrenda, upana wa mkeka tu.

"Mama, mrenda utanunua sokoni," nikamwambia. "Wewe siku hizi ni mama wa tajiri."

"Tajiri gani asiye na mboga mlangoni?" akasema. "Haya, panda. Siku moja tutapika hayo makapi."

Nikapanda. Na sisi tuliokuwa tukiuzia watu mahindi tukaanza kungoja magunia kutoka Likuyani, kama watoto wanaochungulia njia mama atoke sokoni.

Malipo ya kwanza yalipotoka, kila mtu alinunua ugonjwa wake. Huyu baiskeli, huyu redio, huyu bibi wa pili. Mimi nilinunua kiti. Nilimfuata seremala mpaka Kakamega mjini na kumwambia nataka kiti cha mtu ambaye hana haraka. Akanichongea cha mvule, mikono yake mipana, huku unaweka kikombe, huku sahani. Mito minne. Mama akakifumia vitambaa vyeupe vyenye maua. Nikakiweka barazani kuelekea miwa, nikaketi, nikakunja nne, mguu wa kushoto juu ya goti la kulia kama bwana mkubwa, kuanzia chai ya asubuhi mpaka chai ya jioni. Mpita njia akiuliza, "Ezra, unafanya nini?" namjibu, "Naangalia miwa ikue." Na ilikuwa ikikua! Mnajua miwa inachukua karibu miaka miwili. Nilikuwa na kazi ya kutosha.

Ndugu zangu, siku moja mama aliita chakula, nikasimama, nikapiga hatua, ndara yangu ya kushoto ikabaki nyuma. Nilifikiri imenaswa. Nikarudi, nikaivaa, nikapiga hatua nyingine. Ikabaki tena. Kutazama chini, naona mguu wangu umening'inia kutoka kwenye kifundo kama samaki aliyefungwa uzi. Nikiuamuru upande, haupandi. Nilijifinya juu ya wayo na ilikuwa kama namfinya mtu mwingine.

Kwa mtu wa kawaida huo ni mguu. Kwangu mimi haukuwa mguu. Ulikuwa ni mjomba.

Mama alikuwa na kaka yake kule Iguhu, mjomba wangu, mtu wa nguvu, mchimba visima. Nilipokuwa Form Two alianza kuburuta mguu. Watu wakamcheka kwamba anatembea kama mlevi. Baadaye mkono ukalegea, akawa anaangusha vikombe. Baadaye ulimi ukawa mzito, akiita watu jina unasikia uji. Walimpima, wakasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu na dawa yake haijapatikana. Mama alikwenda kumlisha kwa kijiko mpaka siku ya mwisho, na likizo moja nilimsindikiza. Mjomba alinitazama kwa macho yaliyokuwa mazima kabisa ndani ya mwili ambao ulikuwa umekwenda. Sijawahi kusahau macho yale.

Nilipomwambia mama kuhusu mguu, aliketi chini pale pale na ungo mkononi.

"Mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Wa kaka yangu ulikuwa wa kulia," akasema haraka, kama mtu aliyepata mlango. Lakini hakusimama kwa muda mrefu.

Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani kwetu, na haikuja kama mgeni. Ilikuja na kitanda chake! Nilikuwa na kitabu kikubwa cha Kiingereza cha mambo ya daktari, nilichonunua kwa mchuuzi mjini kwa sababu kilikuwa na picha. Nikakikalisha kwenye ule mkono wa kiti uliokuwa wa sahani. Nilisoma sura ya mishipa ya fahamu mpaka karatasi zikaanguka. Nikajua dalili zote kwa moyo: kuburuta mguu, kuangusha vitu, ulimi kuwa mzito, kuchanganya majina, kichwa kuuma nyuma. Kope langu la chini likaanza kucheza. Wazee wanasema kope la chini likicheza, utalia. Kitabu kilisema mengine. Mimi nikaamini vyote viwili.

Kila asubuhi nilijipima. Kwanza ulimi: nilisoma Zaburi moja kwa sauti ili nisikie kama maneno yanakwaruza. Halafu mguu: nilijichoma na mwiba wa limau. Halafu mikono, na hapo nilimhitaji mama. Kitabu kilisema mgonjwa afumbe macho, mtu mwingine amshike mikono yote miwili na kufinya, ili mgonjwa aseme anahisi nini. Basi mama alikuwa akiacha moto jikoni, anakuja, anavuta kigoda chake mbele ya kiti changu, tunatazamana, ananishika mikono. Mimi nafumba macho.

"Finya, mama."

"Nimefinya, daktari wangu."

"Vizuri. Iko sawa."

Hivyo kwa miezi. Miwa ikavuka magoti, ikafika kifua. Halafu asubuhi moja nilifumba macho, nikasema, "Finya," na mkono wa kulia ukahisi, wa kushoto haukuhisi kitu. Kama kipepeo ametua.

"Mama, finya yote!"

"Nimefinya yote."

Ndugu zangu, niliisikia damu yangu ikisimama. Mguu wa kushoto, na sasa mkono wa kushoto! Upande mzima ulikuwa unaondoka kama mpangaji anayehama usiku, leo kiti, kesho meza. Nilimwambia mama, "Umefika mkononi." Alitazama mkono wake kidogo, akaufunga ndani ya leso, akarudi jikoni. Nilidhani anaficha machozi.

Kuanzia siku hiyo sikuinuka tena kwenye kile kiti ila kwa sababu ambayo hata mfalme huinukia. Mama alinikanda mguu kwa maji ya chumvi kila jioni. Alichota maji kisimani. Alichanja kuni. Wageni walikuja kuniona, mnajijua, mlikuja na kuku, na kila kuku aliyechinjwa firigisi yake ililetwa kwangu, ile imondo ya mwanaume mwenye nyumba. Niliila kwa huzuni kubwa. Niliimaliza yote.

Sasa nitasema neno ambalo karatasi hii niliirarua mara tatu kabla ya kuliandika.

Mama alianza kuangusha vitu. Aliangusha kikombe changu cha chai. Aliangusha mwiko ndani ya sufuria ya obusuma, ugali wetu, ukazama, akautoa kwa mkono wa kushoto na kujiunguza. Nikamwambia, "Mama, polepole, utamaliza vyombo vya tajiri." Wageni wakacheka. Alianza kuniita kwa jina la marehemu kaka yake. Nikasema, "Mmemsikia? Mimi ndiye nimepotewa na upande mmoja, yeye ndiye anapotewa na majina." Wageni wakacheka tena. Alikuwa akifunga kitambaa kichwani kwa nguvu, akisema kisogo kinamgonga. Nikamwambia asiniongezee mzigo wa mawazo. Na yote hayo nilimwambia kitabu kikiwa wazi hapo kando yangu, kwenye ukurasa ule ule. Nilikuwa nasoma dalili kwa sauti na dalili zinapita mbele yangu na sinia.

Mungu anisamehe. Mimi bado.

Mliniombea, na siwadharau. Mlinibeba mpaka Chekalini kwenye ile wiki ya mkutano, nikalala kwenye majani, nikaketi chini na watu, miguu nimeinyoosha mbele kwa sababu hapakuwa na kiti. Wiki ilipokwisha vidole vilianza kuinuka! Mkaimba, nikalia, nikarudi nyumbani nikitembea. Mama alipiga vigelegele kwa nusu ya mdomo. Nilidhani ni jino. Nikaketi kwenye kiti changu kumshukuru Mungu. Kabla ya Jumapili mbili kupita mguu ukaanguka tena.

Basi wazee wa maombi mkasema, "Kuna kitu kwake nyumbani." Wengine mkataka kuchimba chini ya mlango. Ndugu zangu, mlisema kweli tupu! Kulikuwa na kitu. Kilikuwa na mito minne na vitambaa vyenye maua.

Aliyeniondoa barazani ni Shivachi, mkata miwa, yule aliyeketi dirishani na ambaye sasa anainamisha kichwa. Alikuwa na ada ya kusimama kwetu kunywa maji akitoka kazini, mweusi wa majivu kutoka utosini.

"Mheshimiwa," akaniambia siku moja, "unakufa tangu miwa ikiwa ya magoti na sasa imepita paa. Mbona hufiki?"

"Huu ugonjwa ni wa polepole."

"Na wewe pia. Panda kwenye baiskeli twende zahanati, angalau ukufe ukiwa na karatasi."

Sikutaka. Nitasema ukweli: niliogopa daktari kuliko nilivyoogopa ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa unaniambia labda. Daktari angeniambia ndiyo. Lakini mama alitoka jikoni akasema, "Nenda, baba. Nenda wakuangalie, nami nipumzike kidogo." Hakuwahi kusema neno hilo, kupumzika, mbele yangu. Nikapanda kwa aibu.

Daktari wa zahanati alikuwa mzee mfupi, miwani yake imefungwa kwa uzi. Nilimweleza kila kitu, toka mjomba mpaka kope. Nilimtajia mishipa kwa majina yake ya Kiingereza.

"Udaktari umesomea wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani."

"Naona. Na kazi unafanya gani?"

"Mkulima wa miwa."

"Hiyo si kazi, hiyo ni kungoja. Ukingoja, unakaa namna gani? Hebu kaa pale nione."

Nikaketi. Mguu wa kushoto ukapanda wenyewe juu ya goti la kulia, kama kuku anayekijua kiota chake.

Shivachi akasema kutoka mlangoni, "Ndio hivyo hivyo, Daktari. Kutoka chai mpaka chai."

Yule mzee aliinama, akabonyeza kando ya goti langu, upande wa nje, na umeme ukakimbia mpaka kwenye vidole. Akasema, "Hapa pana mshipa unapita juu ya mfupa, hauna nyama ya kuufunika. Wewe umeukandamiza mwaka na zaidi. Mjomba wako alikuwa na ugonjwa. Wewe una kiti."

Shivachi alicheka mpaka akashika mlango. Mimi pia nilicheka, halafu nikaona nalia. Haleluya! Sikuwa nakufa! Niache kukunja nne kwa siku chache, mguu utarudi, ndivyo nilivyosikia kwa furaha yangu, kumbe alisema niache kabisa. Nilikuwa tayari nimesimama kumkumbatia, nikakumbuka.

"Na mkono je, Daktari?"

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Umekufa. Mama akinifinya sihisi."

Aliishika mikono yangu yote miwili, akafinya. Nikapiga kelele.

"Umehisi?"

"Sana."

"Wa kushoto?"

"Sawasawa na wa kulia."

Akaiachia mikono yangu polepole. Akauliza mama hunifinya namna gani. Nikamwonyesha: yeye akawa mimi, mimi nikawa mama, tukatazamana, nikamshika.

"Mkono wa mama unaoshika huu wako wa kushoto," akasema, "ni wake wa upande gani?"

Nilitazama mikono yangu ambayo wakati ule ilikuwa ya mama.

"Wa kulia."

"Na huyo mama. Anaangusha vitu?"

Ndugu zangu! Nimesikia mkisimulia jinsi mbingu zilivyofunguka mkaona nuru. Mimi mbingu zilifunguka kwenye chumba kile cha zahanati na nilichoona kilikuwa mwiko. Niliona mwiko umezama kwenye obusuma. Niliona kikombe. Niliona kitambaa kimekazwa kichwani. Nikasikia jina la mjomba likitoka kwenye ulimi mzito, na watu wangu wakicheka kwa sababu mimi nimewachekesha. Shivachi hakuwa anacheka tena.

"Mama yuko wapi?" akauliza daktari.

"Nyumbani," nikasema. "Anapika."

Nilimkuta mlangoni anachambua maharagwe, mkono wa kushoto ukifanya kazi, wa kulia umelala kwenye paja kama kitu alichopewa amshikie mtu. Nilipiga magoti mbele ya kigoda.

"Mama, nifinye."

"Si nimekufinya asubuhi?"

"Nifinye tena."

Akanishika. Nikasema, "Finya," na kwa mara ya kwanza tangu tuanze mchezo ule sikufumba macho. Niliutazama mkono wake wa kulia. Uso wake ulikunjamana kwa juhudi, mshipa ukamsimama shingoni, na vile vidole havikusogea.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu miwa ilipofika kifua. Ile siku uliposema umefika mkononi. Nikasema ndani yangu, ndiyo, umefika."

"Na hukusema!"

"Nyumba moja hailazi wagonjwa wawili, baba," akasema. "Wewe ulitangulia kulala."

Hakusema kwa uchungu. Alisema akitabasamu, lile tabasamu la nusu. Uchungu aliniachia mimi, na ninao mpaka leo, sijamgawia mtu.

Tulimpeleka kesho yake. Haukuwa ugonjwa wa mjomba. Ilikuwa presha, imempiga kidogo kidogo, mara hii na mara ile, kama mtu anayebisha hodi na wenyeji wako barazani wanasoma kitabu. Walimpa vidonge, wakaniambia wazi kwamba kubwa bado iko njiani na kwamba ingekuwa afadhali angekuja mapema. Mapema! Mapema nilikuwa nala firigisi.

Mguu wangu ulipona. Niliacha kukunja nne, na kabla mwezi wa pili haujaisha nilikuwa natembea kama mtu. Mama ndiye aliyeuona kwanza. "Ndara imekufuata," akasema. Nilichota maji. Nilichanja kuni vibaya, akanicheka. Alikuwa na muda huo mdogo wa kunicheka na ninamshukuru Mungu kwa huo muda, ingawa ningependa kumuuliza kwa nini ulikuwa mfupi hivyo.

Ile kubwa ilikuja wiki ya kuchoma miwa yetu. Majivu yalikuwa yanaanguka, mama akatoka kukimbilia nguo kwenye kamba zisichafuke. Nilikuwa upande wa pili na wakataji, nikiwa kwa mara ya kwanza mkulima. Nilimkuta chini kati ya mashuka, meusi kwa majivu. King'ora cha kiwanda kililia saa ile ile kinavyolia kila siku.

Hakufa hapo. Nilimkalisha kwenye kiti changu, na hapo ndipo kile kiti kilipopata kazi ya halali. Ulimi ulikwenda, likabaki neno moja, "Ee." Kila asubuhi nilivuta kigoda, nikamshika mikono yote miwili, macho wazi, nikasema, "Finya, mama." Wa kushoto ulifinya. Wa kulia nilikuwa naufinya mimi kwa niaba yake. Siku moja nilimchinjia kuku, nikaikata ile imondo vipande vidogo kama punje, nikamlisha kwa kijiko. Aliitema. Akanitazama kwa macho ambayo yalikuwa mazima kabisa, akacheka kwa upande wake mmoja mpaka mate yakamtoka. Huo ndio mzaha bora niliowahi kufanyiwa. Machipukizi ya miwa yalipofika magotini, asubuhi moja nikasema, "Finya," na wa kushoto pia ukanyamaza.

Nimewasikia baadhi yenu mkisema Mungu alimchukua mama ili aniache mimi. Naomba msiseme hivyo tena. Mungu wangu hafanyi biashara ya namna hiyo. Mimi sikuwa na ugonjwa wa kukombolewa kwa mtu. Nilikuwa na mguu uliolala na nilikuwa na hofu. Aliniokoa na kile kilichokuwa kimeketi kwenye kiti, yaani mimi. Aliniokoa nikiwa nimechelewa, na nimekubali kuokolewa hivyo hivyo. Nilipomlaumu, hakunipiga. Nilipomwambia sitaimba, alikaa nami nisipoimba. Kwa hilo namshukuru, na shukrani hii ni chungu kama mrenda usio na magadi, lakini ndiyo niliyo nayo, nayo naitoa yote.

Ile miwa iliyogusa ukuta wa jikoni niliing'oa. Nimepanda mrenda, upana wa mkeka. Unaota vizuri sana. Hakuna wa kuula pamoja nami.

Hofu bado hunitembelea. Kope likicheza, moyo unaruka, nasikia ukurasa ukifunguka. Lakini nimejifunza: nikiona dalili naenda zahanati siku hiyo hiyo nikaulize, na njiani naingia nyumba moja niulize mtu mwingine hali yake, na ningoje mpaka ajibu. Ndugu yangu uliyeketi hapo na ganzi yako, na mkono wako unaotetemeka, na jina la ugonjwa ambalo hujamwambia mtu, njoo. Mkabidhi Bwana hilo jina. Litaje kwa sauti. Kisha nenda upimwe. Yeye ndiye aliyempa yule mzee miwani yake, hata kama hakumpa vipini. Na ukirudi nyumbani, mtazame anayekukanda mguu.

Niliwaambia nitalichukua lile neno, kuangalia. Desturi ilinipa kazi moja tu duniani. Nikaangalia miwa.

Sasa mchungaji atatuambia tushikane mikono tuseme neema, na ninyi mtafumba macho kama tulivyofundishwa. Mimi mtanisamehe, nitasema yangu yakiwa wazi. Na wewe, ukishika mkono wa aliye karibu nawe ukauhisi umelegea, usiharakishe kusema ni wako.